Kisiwa Kisichokuwapo

Kazini walimwita Sindano, kwa sababu kila mahali alipochoma palitoka kitu, kama si usaha basi damu. Jina lenyewe hakulipenda, lakini alikwisha kulizoea. Siku Mkuu wa idara ya usalama alipomwita ofisini na kumwambia afunge mlango, alijua kuna jipu linataka kutumbuliwa.

"Majirani wanatujibu kabla hatujawauliza," alisema Mkuu.

Nchi hizo mbili zilikuwa zikijadiliana juu ya mpaka uliopita katikati ya ziwa, na juu ya visima vya gesi vilivyogunduliwa chini ya maji yake. Ujumbe wa nyumbani ulikuwa na chumba chake cha faragha, ambamo ulijifungia kupanga la kusema kesho. Lakini kesho ikifika, majirani wanakuja na jibu lililokwisha kuiva. Wakipanga waanze juu wapate pa kushukia, majirani wanawangoja chini kabisa, palepale walipokubaliana kukomea.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mkuu aliendelea. "Chumbani humo huingia Naibu Waziri, wanasheria wawili na mwandishi wa kumbukumbu, basi. Najua mwandishi ni mjomba wako. Ndiyo maana nimekuita wewe. Ukinambia ni safi, nitaamini. Ukinambia ni mchafu, hakuna atakayesema kaonewa."

Sindano alitaka kukataa. Ulimi ukamsaliti, akasema, "Sawa, Mkuu."

Mjomba huyo alikuwa kitinda mimba kwao, nduguye mama, na ndiye aliyemfundisha Sindano herufi akiwa hajaanza shule, kwa kumpakata mbele ya taipureta na kumwachia abofye. Alikuwa ameandika kumbukumbu za vikao vya serikali maisha yake yote, hata vidole vikapinda kama tangawizi na asubuhi vikawa havikunjuki. Kwa hiyo wizara ilipoletewa programu ya kompyuta kutoka nchi ya mbali, programu inayosikiliza kikao kupitia vinasa sauti vidogo mezani na kuandika yenyewe kila kinachosemwa, yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote. Watu waliibatiza jina la Karani. "Huyu ndiye msaidizi niliyekuwa namwomba Mungu," mjomba alikuwa akisema. "Haombi chai, haombi ruhusa ya msiba." Kazi yake ikabaki kusoma alichoandika Karani na kusahihisha makosa.

Alipoitwa kuhojiwa, alikuja amevaa shati lililopigwa pasi vizuri.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Leo ndio umenikalisha kiti cha washtakiwa?"

Sindano hakucheka. "Ulionekana kwenye korido na mtu wa upande wa pili. Mlikuwa mnacheka."

"Nimesoma naye yule. Ananiambia kapata mjukuu. Ulitaka nilie?"

"Na kingine?"

"Kingine nilimwonyesha vidole vyangu, naye akanionyesha magoti yake. Wazee tukikutana hatuna siri nyingine." Kisha akamtazama mpwa wake. "Wewe unaamini nimeuza nchi?"

"Ninauliza tu, mjomba. Ndiyo kazi yangu."

"Sikukuuliza kazi yako."

Akasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Kesho yake wakaenda kumpekua nyumbani, na Sindano alikwenda nao, akidhani akiwapo mambo yatakuwa mepesi. Hayakuwa mepesi. Vijana wa idara walipindua magodoro, wakamwaga madroo, wakabeba simu zote mbili, hata ile ya mke wa mjomba iliyopasuka kioo. Mama huyo alisimama jikoni amefumbata mikono. Majirani wa mtaa walikuwa wamejaa dirishani kama wanaangalia mpira. Sindano alipotaka kumsaidia kukunja shuka, alimpokonya.

"Acha," alisema. "Ulichokuja kutafuta si shuka."

Hawakupata kitu. Mtaani, hata hivyo, habari haikungoja matokeo. Kufikia Ijumaa mjomba alikuwa msaliti, na muuza duka akawa anampa chenji bila kumtazama usoni.

Duru iliyofuata Sindano alikaa nyuma ya ukumbi wa mazungumzo, nyuma ya wanasheria. Asubuhi ilikwenda kwa maneno matamu na maji ya chupa. Kisha msemaji wa majirani akafungua faili, akarekebisha miwani.

"Kwa moyo huohuo wa ujirani mwema," alisema, "tungeomba tuzungumzie kisiwa cha kaskazini, ambacho tunaamini wenzetu hamtaona uzito kukiachia."

Wanasheria wakatazamana.

"Kisiwa gani?" Naibu Waziri aliuliza.

"Cha kaskazini, Mheshimiwa."

"Ndugu yangu, ziwa lile halina kisiwa hata kimoja."

Msemaji akatazama karatasi yake, akamnong'oneza aliyekaa kando, na huyo naye akatazama karatasi yake. Shingo zao zikaanza kulowa. Mwisho msemaji akasema ulimi umeteleza, akaomba mapumziko.

Sindano alikuwa amekwisha kusimama. Jana yake, kwenye chumba cha faragha, ambamo naye aliruhusiwa kukaa kuchunguza, Naibu Waziri alikuja moja kwa moja kutoka kung'olewa jino, shavu limevimba, pamba mdomoni, akisema kama mtu anayetafuna ubwabwa wa moto. Aliwaambia wenzake kwamba wakibanwa hadi ukutani, waachie kisima cha kaskazini. Watu wote waliokuwamo walimwelewa, kwa kuwa walijua wanazungumzia nini. Sindano aliingia chumba kile, akawasha kompyuta, akatafuta kikao cha jana. Mjomba hakuwapo kusahihisha. Karani alikuwa ameandika: waachie kisiwa cha kaskazini.

Akaketi. Hakuna binadamu aliyekuwa chumbani humo ambaye angekwenda kuuza siri ya kisiwa. Aliyesikia kisiwa alikuwa mmoja tu, na huyo hakuwa na shati lililopigwa pasi wala mke wa kumpokonya mtu shuka.

Wakala wa kampuni iliyouza programu aliitwa mchana. Alikuja na tai na tabasamu, akakataa chai.

"Tukiongea hapa, sauti zinakwenda wapi?" Sindano alimuuliza.

"Kwenye mitambo yetu, nyumbani kwetu. Huko ndiko zinakogeuzwa maandishi. Kompyuta zenu hizi ni kama dirisha tu. Imo kwenye mkataba, dada."

"Na huko nani anazisikiliza?"

"Hakuna mtu."

"Serikali yenu ikizitaka?"

Tabasamu lilipungua kidogo. "Sheria ya kwetu, serikali ikitaka, tunatoa. Na sheria hiyohiyo inatukataza kumwambia mteja. Hatuvunji chochote."

Serikali hiyo ilikuwa na hisa katika visima vya majirani. Jambo hilo halikuwa siri. Lilikuwa limeandikwa magazetini, na watu walilisoma wakapindua ukurasa kutafuta matokeo ya mechi.

"Basi tufungulie," Sindano alisema. "Mafundi wetu waone kilichomo ndani na kinavyofanya kazi."

"Hilo haliwezekani. Ni mali ya kampuni." Akasita, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu mkweli: "Hata mimi sijawahi kuiona."

Mkuu alisikiliza habari zote hizo wakiwa uani, kando ya jenereta lililokuwa likinguruma, simu zao wameziacha ndani.

"Mishahara inapita kwenye programu zao," alisema mwisho. "Pasipoti zinapita kwao. Umeme wa mji huu unagawanywa na mtambo wao, na jeshi nalo limeweka programu yao mwaka huu. Nikisimama nikasema hawa wanatusikiliza, nao wakazima kila kitu kesho, wewe utawasha kwa kiberiti?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Karani atatolewa chumba kile, kimyakimya. Na wewe utaandika kwamba chanzo hakikujulikana."

"Na mjomba wangu?"

"Hatashtakiwa."

"Kutoshtakiwa si kusafishwa, Mkuu."

"Najua," Mkuu alisema, na Sindano aliona kwamba anajua kweli, na kwamba haitasaidia kitu.

Aliandika ukweli, mwanzo hadi mwisho. Mkuu akausoma, akaufungia kabatini, na baada ya wiki chache Sindano alihamishiwa kitengo cha vitambulisho, mahali ambapo alama za vidole za kila raia ziliingizwa katika programu ya kampuni ileile. Mazungumzo yalimalizika kwa kusainiana na kupeana mikono. Majirani hawakuhitaji tena kusikia, waliyoyajua yaliwatosha. Kisima cha kaskazini kilikwenda, na redio ikasema ni ushindi wa udugu.

Jumapili akaenda kwa mjomba. Mke wa mjomba alifungua mlango nusu, akamwangalia, kisha akauachia. Sindano alikaa kwenye ukingo wa kiti na kuwaeleza kila kitu, akijua kiapo alichokula na adhabu ya kukivunja.

Mjomba alisikiliza, mikono yake mapajani. "Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Si wewe, mjomba! Ndicho ninachokwambia."

"Nani alimsifia Naibu Waziri mpaka chumba kile nacho kikawekewa Karani? Mimi. Mzee yule huongea chini chini, basi nikawa namsogezea kinasa sauti karibu na mdomo. Kila siku. Ili asikike vizuri." Alijaribu kukunja vidole, vikagoma. "Waliosema nguo ya kuazima haistiri matako, mimi nilidhani wanasema juu ya nguo."

Alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Sindano aliinama. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba msamaha, lakini mbele ya mzee huyu yalionekana membamba, akayasema hivyohivyo. Mjomba akamgusa bega.

Mkewe ndiye aliyesema. "Na mtaani? Serikali itawaambia?"

"Hapana, mama."

"Nani basi atawaambia?"

Mama huyo alitundika kanga begani, akamshika Sindano mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, akamtoa nje. Walivuka uchochoro hadi mlango wa kwanza, wa jirani yuleyule aliyekuwa mbele kabisa dirishani siku ya upekuzi. Alipotokeza, mke wa mjomba akamsukuma Sindano mbele.

"Mwambie."

"Nilikuja kumpekua mjomba wangu," Sindano alisema. "Hakuuza siri yoyote. Tulikosea. Mimi nilikosea."

Jirani aliwatazama wote wawili. "Sasa kama si yeye, ni nani?"

"Umeambiwa si yeye," alisema mke wa mjomba. "Lishike hilo kwanza." Kisha akamgeuza, mkono bado haujaachia, wakaelekea mlango wa pili.