Lango Lililofungwa Mapema

Mji mzima ulikuwa unajiuliza nyangumi aliingiaje mtoni, na mtu mmoja aliyejua alikuwa amekaa juu ya lango la maji, kikombe cha chai kikimpoa mkononi.

Watu walimwita Bwana Lango, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika hata kazini. Kituo chake kilikuwa pale mto unapokutana na bahari, na kazi yake ilikuwa kupandisha na kushusha milango minne ya chuma. Bahari ikijaa, aliyaacha maji yaingie. Ikianza kupwa, aliyaacha yatoke taratibu mpaka kwenye alama nyekundu ukutani, halafu akashusha milango ili mashua za mjini zisikae matopeni. Samaki aliyepotea njia akaingia na maji ya kujaa alitoka na maji ya kupwa, na hakuna aliyejua kwamba aliwahi kufika.

Ila siku ile simu ililia bahari ikiwa imejaa pomoni. Fundi rangi mmoja alipiga kutoka daraja lililo upande wa juu wa mto, akasema kijana ameteleza akaanguka majini. Kijana mwenyewe alikuwa mtoto wa pekee wa Bwana Lango, ambaye tangu utotoni walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Alikuwa na kibarua cha kupaka rangi vyuma vya daraja. Kamba za kujifunga kiunoni waliahidiwa zingekuja wiki inayofuata. Babake hakukimbilia darajani. Alifanya kile mikono yake ilichokijua: alibonyeza vifungo vyote vinne, akashusha milango mpaka chini kabla tone moja halijatoka. Mto usinichukulie mwanangu, ndivyo alivyowaza. Atabaki humu humu, tutampata.

Kesho yake mgongo mweusi uliibuka katikati ya mto, ukapuliza maji juu, na mji ukapata wazimu.

Watu wa mji huu, ukiwaomba dakika moja, watakuapia kwamba hawana nafasi hata ya kujikuna. Nyangumi alipokuja, nafasi ilipatikana. Maofisa walitoka ofisini na vitambulisho vyao shingoni, walimu wakaleta wanafunzi kwa mistari, bibi harusi mmoja akaburuza shela lake ukingoni ili apigwe picha. Kufa kufaana, wauza maputo wakapata maputo yenye umbo la nyangumi, sijui waliyatoa wapi kwa haraka ile. Redio ikapigisha kura ya jina, na mnyama akaitwa Mgeni. Huyu alisema Mgeni ni mgonjwa, yule akasema ni ishara, na mmoja mwenye miwani akaeleza kwa kirefu kwamba amekuja kutuaga. Hakuna hata mmoja aliyejua kitu.

Zikaja boti tano za wapiga mbizi. Ikaja winchi, akaja daktari wa wanyama wa baharini kwa ndege, wakaja askari wa kuzuia magari yasipige honi karibu na mto. Chiriku alikuwa ametafutwa kwa boti moja. Wapiga mbizi wawili walizama na kuibuka mpaka saa ya chakula cha mchana, wakasema maji ni machafu, hayaonyeshi kitu, poleni sana, mwili huibuka wenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni alikuja, na mwenyeji akasahauliwa chini ya maji yale yale.

Mama Chiriku hakusahau. Mumewe alikuwa amemwambia kwamba chochote kinachobebwa na mto hukomea langoni, iwe ubao, kiatu au mpira wa watoto. Kwa hiyo kila asubuhi alikaa kwenye ngazi za mawe kando ya lango, uso kwenye milango ya chuma na mgongo kwa nyangumi. Alikuwa mtu pekee kwenye ukingo wote ule aliyetazama upande huo.

"Mama, samahani," muuza maputo mmoja alimwambia, "unawazuia wateja."

Akasogea. Hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu.

Mkubwa wa kazi, mhandisi mwenye kitambi na moyo laini, alikuwa amefumba macho tangu mwanzo. Alijua kwa nini milango haijapandishwa, na maji ya ziada aliyaacha yapite kwenye kidirisha cha pembeni chenye nondo, ambamo hata kiatu hakipiti. Lakini alasiri moja alipanda ngazi za chumba cha mitambo akihema, akakaa juu ya ndoo ya grisi kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja.

"Ndugu yangu," alisema, "nimeshikwa pabaya."

"Sema tu, bosi."

"Ngozi ya yule mnyama imeanza kuchubuka. Daktari anasema maji yasiyo na chumvi yanamla. Wamejaribu kumwita, wamejaribu kumswaga asogee langoni, haendi. Hawezi kuona njia mpaka mkondo umwonyeshe." Alijifuta jasho. "Wanataka kesho bahari ikianza kupwa tupandishe yote minne. Mto utoke wote kwa nguvu."

Bwana Lango aliitazama chai yake. "Na mwanangu?"

Bosi alivua kofia akaishika magotini. "Ningekuwa na jibu ningepanda nalo."

"Nikikataa?"

"Nitabonyeza mwenyewe. Wewe sitakulazimisha."

Jioni mezani kulikuwa na sahani tatu, kama kila jioni tangu siku ile, ya tatu imefunikwa. Bwana Lango alikula matonge mawili, akashindwa, akasema yote. Mkewe hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Uliniahidi," alisema.

"Nilikuahidi."

"Uliniambia lango halitafunguliwa mpaka nimzike mwanangu. Baba Chiriku, kuna kitu kingine nimekuomba?"

"Hakuna. Lakini yule mnyama nilimfungia mimi. Aliingia na maji, na angetoka na maji. Mimi ndiye niliyewahi kufunga."

"Basi afie humo. Wetu si amefia humo?"

Akakusanya sahani mbili akaziosha. Ya tatu aliiweka kabatini vile vile ilivyofunikwa. Walilala migongo ikitazamana, na kila mmoja alijua mwenzake hajalala.

Alfajiri mume alipoamka, upande wa pili wa kitanda ulikuwa umeshapoa. Alikwenda kazini peke yake. Kingo zote mbili zilikuwa zimejaa watu, na kwa mara ya kwanza tangu Mgeni aje watu hao walikuwa kimya, maana polisi walipita na vipaza sauti kuwaomba wasimtishe. Boti tano zilikuwa zimerudishwa nyuma kabisa, hadi karibu na daraja, zimezima injini. Bosi alikuwa amesimama mbele ya vifungo, mikono nyuma, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu dukani.

Ndipo waliposikia hatua ngazini. Mama Chiriku hakuwa amezipanda ngazi zile tangu alipomleta Chiriku mchanga kumwonyesha babake anafanya kazi wapi. Alisimama mlangoni, nguo yake imelowa mpaka magotini.

"Amekuja kwangu," alisema.

Mumewe aliinuka kitini. "Nani?"

"Huyo mnyama."

Bwana Lango akakaa tena.

"Amekuja pale ngazini kukiwa bado giza," mkewe aliendelea. "Anasukuma lango kwa kichwa. Anarudi nyuma, anakuja, anasukuma tena. Kichwa chote kimechubuka. Nilitaka nimchukie, nimemtazama nikitafuta chuki hiyo, sikuiona. Daktari ananiambia bado ni mtoto. Ina maana huko nje ana mama anayemngoja kama ninavyongoja mimi." "Mmoja wetu na apate wake."

"Una hakika, mke wangu?"

"Sina. Fungua kabla sijageuza neno."

Bosi alisogea pembeni bila kuambiwa. Bahari ilikuwa imeanza kupwa. Bwana Lango alibonyeza kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, na milango ikapanda ikilia kwa kutu, kwani haikuwa imewahi kukaa chini muda mrefu hivyo. Maji yaliyofungiwa yaliondoka kwa ngurumo iliyotetemesha vioo. Zilitoka mbao, chupa, magugu, maputo yaliyopasuka. Nyangumi alizunguka mara moja, akazunguka tena, kisha akaelewa. Aligeuza kichwa chake kilichochubuka kuelekea mlango wa pili na kujiachia kwenye mkondo.

Kitu cha rangi ya chungwa kikaibuka mbele ya mlango huo huo.

Kilizama, kikaibuka tena. Kilikuwa kizibao cha kazi, cha aina wanayovaa mafundi wa darajani, na mtu angeweza kusema ni kizibao kitupu kimedondoka, kama si ule mkono. Maelfu ya macho yalikuwa kingoni, na hayakukiona, kwa sababu yote yalikuwa kwa nyangumi.

Kidole cha Bwana Lango kilikwenda chenyewe kwenye kifungo cha kushusha, kama kilivyokwenda siku ile. Mkono wa mkewe uliwahi. Ulikishika kidole, ukakibana. Alikuwa ameona. Mama gani asingeona?

"Mnyama yuko chini ya mlango," alisema. Mgongo mweusi ulikuwa umeingia nusu. "Utamponda."

"Ni Chiriku."

"Namwona."

"Mama Chiriku, niachie. Ni yeye, ni mtoto wetu."

"Namwona, mume wangu. Namwona." Alikuwa anatetemeka mwili mzima isipokuwa ule mkono. "Mwache apite."

Bosi alikuwa ameshanyakua redio ya upepo akiziita boti, anazitukana, anaziomba, lakini boti zilikuwa mbali kule zilikopangwa. Walipita pamoja, mnyama na kijana, kijana akizungushwa na povu ubavuni mwa mnyama. Upande wa pili nyangumi alipiga mkia mara moja na kuzama kwenye maji ya chumvi. Rangi ya chungwa ilionekana kidogo zaidi, halafu haikuonekana. Mji ukalipuka kwa shangwe. Wageni kwa wenyeji walikumbatiana, na magari yote yaliyokatazwa honi yakalipa deni lake kwa pamoja.

Juu ya lango, wazazi wawili walikuwa wamekaa sakafuni kwenye grisi. Bwana Lango alilia kama mtoto aliyepigwa. Mkewe alikuwa bado amemshika kidole. Bosi aliwageuzia mgongo, akaangalia ukuta.

Safari hii zilikwenda boti zote tano, zikatafuta baharini mpaka jua likazama, zikarudi hivi hivi.

Mji ulimkumbuka Mgeni kwa muda. Picha yake ilibandikwa vituo vya basi, na wakubwa wa mji walimpa Bwana Lango nyingine kubwa yenye fremu ya dhahabu bandia, mnyama akitoka langoni, maji meupe kila upande. Aliitazama picha ile mara moja tu, kwa karibu, kona ya chini kulia penye doa la rangi ya chungwa, kisha akaigeuza uso ukutani. Siku hizi huwahi kufungua milango na huchelewa kuifunga, na bosi hasemi kitu ingawa wenye mashua wanalalamika.

Mama Chiriku ameacha kukaa kwenye ngazi za mawe za upande wa mto. Bahari ikikaribia kujaa hupanda mpaka chumba cha mitambo na kukaa kwenye ndoo ya grisi, uso kwenye maji makubwa, kwa sababu mumewe alimwambia kwamba kilichotoka na maji ya kupwa wakati mwingine hurudi na maji ya kujaa. Hakumwambia ni mara ngapi, na yeye hakuuliza. Nyumbani sahani bado ni tatu.

Siku moja fundi umeme aliyekuja kubadilisha taa aliwakuta wamekaa hivyo, bega kwa bega, wanatazama nje. Alitabasamu.

"Mnamngoja Mgeni arudi?"

"Mgeni alishakwenda kwao," Mama Chiriku alimjibu. "Sisi tunamngoja wa hapa."

Kisha akamgeukia mumewe, akamwuliza kama maji yameanza kujaa.