Maneno Mazuri ya Mwalimu Jecha

Mume wangu Jecha alisomesha Kiingereza, na kila upuuzi wake aliutafutia neno la Kiingereza la kuuvika. Talaka ya kwanza alinipa kwa sababu mchuzi wa papa ulizidi ndimu. Baada ya wiki mbili akaja kunirejea huku anacheka.

"Mimi ni wimzikal, Mwatima."

Maana yake, alinieleza, ni mtu wa kupitiwa na mawazo ya ghafla, ya kuchekesha. Sikuona cha kuchekesha. Godoro langu lilikuwa limeshafika Kiembe Samaki kwa mama, ikabidi lirudi. Ndani ya eda mume hamwombi mke ruhusa. Husema nimekurejea, basi.

Ya pili ilikuwa siku ya Idi. Nilivaa kanga aliyoninunulia mwenyewe, naye rangi yake ilishamchosha. Kabla eda haijesha akanirejea tena. Safari hiyo alikuwa "mekyurio", mtu wa zebaki, hashikiki. Alilitamka neno hilo kwa fahari, utadhani anamsifu mtoto aliyekhitimu Kurani. Nilitamani kumrushia sufuria.

"Imebaki moja, Jecha," nilimwambia. "Ya tatu haina kurejea."

"Usinitishe."

Mwaka wa 1971 mchele ulikuwa wa foleni. Asubuhi moja nilisimama Mkunazini tangu alfajiri, na nilipofika mbele mchele umekwisha, nikapewa sembe. Jecha akatokea, amevaa shati nililolipiga pasi mimi, akautazama ule unga.

"Ugali? Umenifanya mfungwa?"

"Si jana tu ulisema wali umekuchosha, unatamani ugali?"

"Jana ni jana! Nshakuacha, Mwatima! Hiyo ndiyo ya tatu!"

Foleni nzima ikageuka kututazama. Bi Nurbanu, jirani yetu, akajiziba mdomo kwa mtandio. Mimi sikulia. Hasira ilinipanda, nikabeba unga wangu na kwenda kwa mama.

Kesho yake Jecha akaja na kikapu kidogo cha halua.

"Mwatima, twende zetu. Jana nilikuwa kaprishas tu, ni neno zuri sana hilo, maana yake mtu wa kugeuka bila sababu, yaani..."

"Foleni nzima imesikia."

"Lakini nshabadili moyo!"

"Wewe ndiye uliyebadili! Mie nani kaniuliza, mara ya kwanza, mara ya pili? Miaka sita nnalala mke wa mtu, sijui nitaamka nani. Unajipamba kwa maneno, na mie ndiye nnayebeba godoro. Toka!"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi. Jecha akaiweka halua kizingitini, akaondoka ameinama. Alipofika barabarani akasimama, akafikiri kidogo, akarudi kuichukua.

"Chukua!" nilimpigia kelele. "Hiyo ndiyo unayoweza kuirejea!"