Viroboto wa Chumba cha Miale

Kuna watu hufuga kuku, kuna wanaofuga njiwa. Mzee huyu alifuga viroboto, tena miaka ishirini na miwili, ndani ya televisheni, na hawakumng'ata hata siku moja. Aliyekuja kumng'ata ni mkwe wake.

Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa cha kuua vijidudu. Makatoni ya sindano na glavu za hospitali yaliingizwa kwenye chumba chenye kuta za zege nene kuliko urefu wa mtu, yakapigwa miale, yakatoka safi. Miale ilitoka kwenye vyuma ambavyo vikipumzika hukaa chini ya kisima cha maji yanayoizuia miale, na vikifanya kazi huinuliwa kwa kamba ya waya. Vikiwa juu, binadamu hakanyagi humo. Ukikanyaga, dakika chache tu, ndugu zako wataanza kugombea viatu vyako.

Mzee alikuwa fundi wa kamera ya humo ndani. Miale haina huruma na jicho: lenzi iliingia ikiwa nyeupe, baada ya wiki sita imekuwa rangi ya chai kavu, na mzee akaibadilisha. Tena miale ilipoipiga kamera, picha kwenye televisheni ya nje ilijaa vidoa vyeupe vinavyorukaruka. Hao ndio viroboto. Vyuma vikizama majini, viroboto hufa wote kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo mzee aliwafundisha wenzake: usiguse mlango kabla hujaikodolea macho picha ukahesabu hadi ishirini bila kuona kiroboto hata mmoja.

Tatizo la mzee lilikuwa mdomo. Aliwahi kuapa kwamba alikutana na mende humo chumbani, ameota kitambi, mende huyo akamwomba likizo ya mwaka mzima yenye malipo. Siku nyingine alisema kiazi kilitoka kwenye miale kikamwamkia. Watu walicheka wakashika mbavu, wakambandika jina la Mzee Viroboto, na ile hesabu ya ishirini nayo wakaitia kapu moja na mende.

Mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, alikuja kiwandani akiwa mhandisi. Mzee mwenyewe ndiye aliyembembeleza Meneja amchukue. Kijana akaleta mambo ya kisasa: kamera yenye kompyuta, na uzi mwembamba wa kioo ulioingia hadi chumba cha miale. Miale ikiupiga, uzi unawaka, mwanga wake unasafiri humohumo hadi kwenye mita nje. Mwanga ukifika, taa nyekundu. Usipofika, taa ya kijani, ingia.

"Baba, ona picha," mkwe alisema. "Safi kama maji ya chupa."

"Viroboto wangu umewapeleka wapi?"

"Ule ni uchafu, baba. Kompyuta inaufuta."

"Mwanangu, umemfukuza mlinzi ukidhani ni mwizi. Na huo uzi, si kioo?"

"Ni kioo."

"Basi utakunywa chai, kama lenzi zangu."

Meneja akaangua kicheko. "Mzee, kamuulize mende kama ameridhika. Na hiyo kamera ya zamani iondoke leo."

Mzee akasema sawa bwana, kisha akafanya lake. Kamera aliiacha palepale, waya wake akaupitisha nyuma ya mabomba hadi kwenye kitelevisheni alichokificha katika chumba cha mafagio.

Mwezi wa nne tangu uzi uingizwe, katoni lilikwama na mitambo ikasimama. Mashine ikasema kamba imeshuka. Taa ikawa ya kijani. Picha ikawa safi. Nje malori yalikuwa yanasubiri, na Meneja alikuwa anapumua kisogoni kwa mkwe: "Ingia ukalitoe, unangoja nini?"

Mzee alichungulia chumba cha mafagio. Viroboto walikuwa wanacheza, wamejaa tele.

Goti lake bovu lilisahau ubovu. Alimkuta mkwe ameshaushika mlango.

"Toka hapo!"

"Baba, taa ni ya kijani."

"Mzee, hadithi saa hizi?" Meneja alifoka.

Kwa mara ya kwanza maishani mzee hakuwa na hadithi. Alimkwida mkwe wake shati, jambo ambalo mkwe na mkwe hawafanyiani, akamburuta hadi kwenye mafagio. Kijana akatazama. Akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika tatu, akakaa juu ya ndoo.

Kamba ilishuka peke yake; vyuma vilikuwa juu, katoni limevizuia visishuke. Na uzi wa kioo ulikuwa umekunywa chai hadi ukalewa. Mwanga ulifia njiani.

Ripoti ilitoka wiki iliyofuata, ikasema hivi: Mfumo mpya ulibaini hitilafu kwa wakati. Fundi kamera amekutwa na kifaa kisicho na kibali, astaafishwe. Chini kulikuwa na sahihi mbili, ya Meneja na ya mkwe.

Jumamosi binti alimtembelea babake, mumewe nyuma yake kama mzigo. Mzee alikuwa jikoni, anapasha lenzi zake za zamani kwenye kikaango.

"Baba, unapika nini?"

"Macho. Kioo kilichounguzwa na miale kikipata moto kinasahau, kinarudi cheupe. Tazama hii."

"Haya, baba na mambo yako!" Binti akavuta kiti. "Mume wangu amenisimulia mashine yake ilivyomwokoa. Ningekuwa mjane sasa hivi. Kwani siku hiyo wewe ulikuwa wapi?"

Mzee alimtazama mkwe. Mkwe alikuwa anatazama viatu vyake, viatu vizuri, ambavyo hakuna ndugu aliyevigombea.

"Nilikuwa chumba cha mafagio," mzee alisema, "nawaangalia viroboto. Nikaona wamejaa, nikamkwida mumeo shati nikamtoa mlangoni."

Binti akacheka hadi machozi, akajifuta kwa kiganja. Mkwe naye akacheka.