Walezi wa Ghala

Tangu asubuhi nilikuwa sikaliki. Saa tisa mchana mpango mpya ulikuwa unaanza kazi, na aliyeuandika ni mimi.

Kompyuta zinazotumia mfumo wetu huvuta programu za watu baki kutoka kwenye ghala tunalolitunza. Kila programu ina mlezi, na kila toleo lazima alitie sahihi kwa ufunguo wake, kijiti kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Ghala lilikuwa limejaa mayatima, programu ambazo walezi wake walishaingia mitini. Nikapendekeza dawa: kila mlezi atumiwe barua pepe ya kumuuliza kama bado yupo. Asiyejibu ndani ya siku saba, programu yake inatolewa. Wenzangu wakanipigia makofi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Maana programu moja humo ni ya mdogo wangu. Ni kidude kidogo kinachoongea na printa kuukuu ambazo hata waliozitengeneza wameshazisahau. Mdogo wangu alifariki mwaka juzi. Ufunguo wake nilibaki nao, na nenosiri lake nilikuwa nalijua, kwa hiyo kila toleo nimelirekebisha mimi na kulitia sahihi kwa jina lake. Siku alipofariki, ofisini niliaga tu kwamba nakwenda msibani. Fundi Mkuu, bosi wetu, hakuuliza msiba wa nani, nami sikusema. Sikutaka jina la mdogo wangu lifutwe, basi.

Nilichosahau ni kwamba barua ingekwenda kwenye anwani yake, na huko sina mlango. Nilijaribu kila nenosiri nililoweza kulifikiria, mpaka jina la paka wake. Saa nane niliandika mstari mmoja wa kumruka yeye tu kwenye orodha. Nikaufuta. Nikauandika tena. Nilikwenda kunywa maji mara nne bila kiu. Saa tisa ilipofika nikaufuta kabisa, barua zikatoka zote.

“Huyu wa printa kajibu,” Fundi Mkuu akasema ghafla.

Niliinuka. “Kasema nini?”

“Si yeye. Ni mama yake.” Akasoma polepole: “Mwanangu alifariki mwaka juzi. Kama mna shida na kitu chake, dada yake yuko hapo hapo kwenu.”

Mwanamke humo ni mimi peke yangu. Fundi Mkuu akafungua kumbukumbu za programu ya printa, kisha akanigeukia.

“Dada,” akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma, “toleo la mwezi uliopita lina sahihi yake. Nani alitia?”

“Mimi.”

Sheria naijua: anayetumia ufunguo wa mwenzake ananyang’anywa wake. Nikauchomoa wangu kwenye kompyuta, nikauweka mezani kwake, nikatoka kwenda koridoni kumpigia mama.

“Nimewajibu wenzako,” akasema. “Nimeharibu?”

“Hujaharibu, mama. Barua umeionea wapi?”

“Kwenye simu yake. Naichaji kila siku.” Akaongeza: “Wengine wote wanamtumia matangazo tu. Nyinyi ndio wa kwanza kuuliza kama yupo.”