Shangazi na Moto wa Kijani

Fundi wa mtambo wa kuotesha almasi alikuwa na siri: kijani na waridi machoni pake vilikuwa baba mmoja, mama mmoja, hakuweza kuvitofautisha. Kazini hakumwambia mtu. Mtambo una namba, alijisemea, na namba hazina rangi.

Lakini kwa wiki tatu namba zilimgeuka. Kila sahani aliyoitoa, badala ya utando mwembamba wa almasi, ilikuwa nyeusi tititi kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Kipimo kilisema gesi ziko sawa: haidrojeni tisini na tisa kwa mia, methani moja. Methani huleta kaboni inayojenga almasi, lakini ikizidi hugeuka masizi. Haidrojeni hula masizi na kuiacha almasi. Mkuu wa maabara, mwanamke wa maneno machache, akaanza kupitapita mlangoni pake.

Ndipo shangazi yake, mshonaji nguo, alipokuja. Alisikia mtoto wa kaka yake anaotesha almasi, naye hakutaka kuhadithiwa. Akachungulia kwenye kidirisha cha mtambo, ambako gesi iliwaka kama mpira wa moto juu ya sahani. Akausifu ule ukijani; angepata kitambaa chake, angeshona gauni.

Fundi akashtuka. Moto wenye afya ni wa waridi. Kijani maana yake kaboni imefurika.

"Kijani, shangazi? Una hakika?"

"Mwanangu, wewe ndiye niliyekuwa nikikutuma uzi wa kijani, unaniletea mwekundu. Mpaka leo hujawaambia hawa watu?"

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Fundi akasema kweli yote. Mkuu akasema kwamba kama moto ni wa kijani, basi kinachodanganya ni kipimo. Wakakifungua. Kijibomba chake kilikuwa kimeziba kwa uchafu, kikihesabu methani moja huku tano zikipita.

Wakafunga kipimo kingine. Shangazi akawekewa kiti kidirishani awasomee rangi, akawaamrisha wasomi wale kwa raha zake, punguza, punguza tena, mpaka akatamka, "Sasa waridi."

Siku mbili baadaye sahani ilitoka na utando wa kijivu unaometameta. Shangazi alirudi kuuona, akakunja uso. Hii ndiyo almasi? Hata kucha zake zilikuwa na mng'aro zaidi kuliko huo. Fundi akampa kipande ajaribu mwenyewe ugumu wake, naye bila kusita akakikwaruza kwenye kioo cha meza ya mkuu. Kikaacha mstari mrefu, mweupe.

Mkuu akafumba macho.

"Ni almasi," akasema.