Vigae vya Mama Saluni

Sakafu ilikuwa inang'aa, na ndiyo iliyomkosesha Mama Saluni raha. Kila unywele uliodondoka kwenye vile vigae vyeupe ulimsuta.

Havikuwa vyake. Mshonaji wa jengo hilohilo alimwagiza fundi aweke vigae kwenye chumba cha mwisho, yaani chake. Lori likashindwa kupita mbele, likaingilia geti la nyuma, na ukitokea nyuma chumba cha mwisho ni saluni. Mlinzi akafungua, kazi ikaanza. Mama Saluni alipofika, fundi alikuwa amepiga magoti, amempa mgongo. Mama alielewa papo hapo. Badala ya kusema, akarudi kwa kunyata, akazurura mitaani hadi jioni, kisha akaja kushangaa kwa sauti. Jamani, hata uso wa mbuzi una kikomo!

Wateja wakaongezeka. Mshonaji akagoma kulipia kazi ambayo hakuiona, na mwenye duka aliyemkopesha fundi vigae akabeba mashine ya fundi ya kukatia, iwe rehani. Fundi akakaa bure, mwishowe akampeleka Mama Saluni mahakamani.

"Shangazi, wewe hukumwagiza," alisema mpwa wa Mama Saluni, wakili. "Kama ulikuta kazi imekwisha, ungefanya nini, uvibandue? Ila kama ulimwona ukanyamaza ili ufaidi jasho lake, sheria inakubana umlipe. Ulimwona?"

"Sikumwona, mwanangu." Alijibu huku akikunja kanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Siku ya kesi fundi alisimama, vidole vimepasuka kwa saruji.

"Mheshimiwa, mama huyu simwiti mwizi. Hakuwepo, kosa ni langu. Naomba tu anisaidie nikomboe mashine yangu, watoto wapate kula."

Angemtukana, ingekuwa nafuu. Mama Saluni angepandisha hasira na uongo ungetoka wenyewe. Lakini kuombwa radhi na mtu uliyemdhulumu!

"Mama," hakimu aliuliza, "ulipofika, kazi ilikuwa imefikia wapi?"

Mpwa wake alimtazama kumkumbusha: imekwisha, shangazi, sema imekwisha.

"Alikuwa ameweka kigae kimoja," akasema.

Mpwa akafunga faili. Fundi, ambaye muda wote alikuwa akimtazama kwa huruma, akageuza uso.