Kaburi Chini ya Mkungu wa Tatu

Niseme mapema: mimi ni mwoga. Naogopa umeme, naogopa polisi, naogopa hata barua yenye mhuri. Uoga ndio ulionifikisha hapa.

Mbele ya ghorofa letu, mtaani Mchafukoge, kuna kiwanja chenye miti mitatu ya mkungu. Miaka yote hakuna aliyeijali. Tulikuwa tunaimwagia maji ya kuoshea samaki. Halafu likabandikwa tangazo la manispaa: miti itakatwa, pajengwe bweni la watu wanaolala nje. Ghafla kila mtu akawa mpenzi wa miti. Bwana Taimur, mwenye duka la vitambaa hapo chini, alidai wajukuu zake watakosa hewa. Ukweli ni kwamba tuliwaogopa wale watu, na mimi niliwaogopa kuliko wote.

Wazo lilikuwa la Taimur. Alisema penye kaburi hapajengwi mpaka ndugu wa marehemu aridhie. Jumapili asubuhi, maduka yamefungwa, wanaume wakainua tuta fupi chini ya mkungu wa tatu, wakasimamisha jiwe kichwani na jiwe miguuni. Likawa kaburi la zamani la mtoto.

"Sasa anatakiwa ndugu," Taimur akasema. "Dada Mauza, wewe umezaliwa mtaa huu huu."

"Nimtaje nani?"

"Yeyote. Ila jina la baba lifanane na la kwenye kitambulisho chako."

Mimi nina ndugu mmoja tu, mdogo wangu Abdulswamad. Madawa ya kulevya yalimharibu, akaondoka nyumbani, na mwaka wa tisa huu sijamtia machoni. Nilipofika mbele ya karani wa manispaa, jina jingine halikuja. Nikaandika: Abdulswamad Azzan Seif, alifariki akiwa mchanga, mwaka 1980. Nikala kiapo, nikasaini. Marehemu mama alitufundisha kwamba kumwita mtu hai maiti ni kujitafutia mkosi.

Wiki mbili sikula nikashiba. Kila gari lililosimama nje nililichungulia, nikidhani wamekuja kunikamata kwa kiapo cha uongo.

Jumanne gari likasimama kweli. Akashuka ofisa wa manispaa, Bwana Pantaleo, na faili lake. Majirani wote wakatoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikaitikia.

"Hapa pana tatizo. Hii ni orodha ya walioandikishwa vitanda vya bweni. Namba kumi na saba ni Abdulswamad Azzan Seif. Majina yote matatu." Akageukia gari. "Nimekuja naye. Anabeba mizigo Kariakoo, analala kwenye vibaraza vya maduka."

Mtu akashuka. Amekonda, ndevu zimeingia mvi. Kwenye mkono wa kulia alikuwa na kovu la pasi ya mkaa. Pasi hiyo niliishika mimi, nikiwa na miaka kumi.

"Mama, huyu unamfahamu?"

Taimur alinikazia macho. Nikikubali, tunaingia ndani wote, mimi wa kwanza. Na mtaa mzima utajua mdogo wangu ni nani. Mungu anisamehe, niliogopa.

"Simfahamu," nikasema.

Abdulswamad alinitazama. Nilingoja aseme, na kwa namna fulani nilitaka aseme.

"Majina ya kwetu yanajirudia, bosi," akamwambia ofisa. "Wapo wengi."

Kisha akachuchumaa, akachota mchanga kwa kiganja, akaumwaga juu ya tuta. Mara tatu, kama wanaume wanavyofanya makaburini.

Pantaleo akavua kofia. "Mama, unaridhia kaburi lihamishwe?"

"Siridhii."

"Basi bweni halijengwi hapa, na mahali pengine sijui tutapata wapi." Akapiga mstari kwenye orodha. "Pole, bwana. Kitanda hakipo tena."

"Nimezoea," akajibu mdogo wangu.

Adhuhuri Taimur aliniletea sahani ya halua na birika la kahawa. Nilimshukuru. Halua sikuigusa.

Asubuhi iliyofuata nilifungua dirisha nikamwona Abdulswamad amelala kando ya tuta, juu ya boksi. Ya pili yake vilevile. Sikuthubutu kushuka. Siku ya tatu Taimur akagonga mlango, amekasirika.

"Mauza, yule ombaomba anamlalia ndugu yako! Mwenye kaburi ni wewe. Kamfukuze."

Nikajitanda ushungi, nikashuka ngazi nimeshika ukuta. Alikuwa macho, ameketi, ameegemea mkungu. Nilitaka kumwambia aje ndani, kitanda cha mama bado kipo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Shikamoo dada," akasema polepole, ili mwingine asisikie.

Nikainua macho. Taimur alikuwa ametoka barazani, mikono kiunoni, na majirani wawili nyuma yake.

Sikuitikia.